Kalamu na Karamu

Mama yangu alipika kwenye misiba ya mtaa wetu wa Igogo kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusikia hotuba hata moja mpaka mwisho. Hotuba husomwa mbele, chini ya turubai, karibu na viti vya wafiwa. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, penye mafiga na moshi, anageuza wali kwa mwiko mrefu kama kasia. Sauti ya msomaji ilimfikia vipande vipande. Wakati marehemu anasifiwa kwa ukarimu wake, mama alikuwa anaonja chumvi.

Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomfanya agombee. Watu walisema anataka ukubwa. Wengine walisema Mwalimu, yaani baba yangu, ndiye anayemsukuma. Mimi niliambiwa ukweli siku moja tukichambua mchele uani, na niliambiwa kwa sauti ya mtu anayeomba kitu ambacho mwenyewe anakiona kikubwa mno.

"Na mimi nataka nikae," alisema. "Siku moja nikae kwenye kile kiti, nisikie mtu anavyoagwa, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

Kile kiti kilikuwa kiti kweli. Chama chetu cha kufa na kuzikana kilikuwa na maturubai mawili, sufuria kubwa sita, viti vya plastiki ambavyo kila msiba ukiisha kimoja hakionekani, na kiti kimoja cha mninga chenye mikono, cha mwenyekiti. Kilibebwa kichwani kutoka nyumba yenye msiba hadi nyingine, kikawekwa ubavuni mwa wafiwa, na aliyekikalia hakuinuka mpaka shughuli iishe. Vyombo vyote vilitunzwa kwetu, chini ya jiwe kubwa lililoegemea ukuta wa nyuma, maana Mwanza ukijenga nyumba, jiwe nalo ni mpangaji. Kwa hiyo mama alikifuta kiti kile vumbi kila wiki. Sikuwahi kumwona akikikalia, hata kwa kujaribu.

Baba alikuwa mtu wa Tanga. Aliletwa Mwanza akiwa kijana, na barua ya uhamisho mkononi, kufundisha historia sekondari, akaapa kwamba atakaa miaka miwili tu. Akakutana na mama, binti wa Kisukuma kutoka upande wa Bujora aliyekuwa anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, karibu na geti la shule, na ile miwili ikawa thelathini na kitu. Walipendana sana watu wale. Ila maisha yao yote waligombana juu ya herufi mbili.

Kisukuma hakina R. Mama alisema sukali, kaloti, habali, na kwa masikio ya baba hiyo ilikuwa kama kutafuna mchanga ndani ya wali. Akiachiwa karatasi ya kwenda nayo sokoni, alichomoa kwanza kalamu nyekundu, akasahihisha, akaipa maksi juu ya kumi, ndipo akachukua kikapu. Akirudi, mama aliitumia karatasi ile ile kuwashia jiko.

"Habali za asubuhi, Mwalimu."

"Habari. Ri, mama, ri."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Mbona umeitikia?"

Mimi nilicheka nikiwa upande wa baba. Nilikuwa mtoto wa mwalimu, nilijua R inakaa wapi na L inakaa wapi, na nilijiona bora. Leo nikikumbuka naona haya. Lipo jambo nililokuwa nalisikia kila mara na sikulitilia maanani: mama akikasirika kweli kweli, R zake zote zilitoka zimenyooka. Akikwambia "Usirudie tena," hukusikia L yoyote mle ndani, na hukurudia.

Baba naye alikuwa na hadithi moja aliyoifundisha kila mwaka, hata kama haikuwemo kwenye muhtasari wa somo. Aliikuta kwenye kitabu chakavu kisicho na jalada. Katika jimbo moja la Marekani, nchi ile ikiwa bado changa, watu wawili waligombea ugavana wakakaribiana sana. Kukawa na kura za wilaya kadhaa ambazo zingeweza kugeuza matokeo, lakini wahesabuji wakabishana kuhusu nani aliyezileta na kama alikuwa na haki ya kuzileta. Wengi wa wahesabuji walikuwa watu wa gavana aliyekuwa madarakani, naye ndiye mgombea mmojawapo. Wakaamua zisihesabiwe, kisha zikachomwa moto. Watu wakachachamaa, ikabaki kidogo washikane mashati. Yule aliyenyimwa ushindi akawaambia watu wake watulie. Miaka mitatu baadaye walichagua tena, naye akaupata ugavana wake.

Baba akifika kwenye moto alipangusa miwani. "Waliotumbukiza zile karatasi walijua wanachokitaka," alisema. "Kosa la mbebaji wakamtwisha mpiga kura." Wanafunzi walichoka na hadithi ile. Mama, aliyeisikia mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote, alikuwa na swali lake moja: "Na waliokuwa wanapika siku hiyo, walipata nafasi ya kwenda kupiga?"

Sasa, uchaguzi wetu. Mwenyekiti wa zamani alihamia kwa mwanawe Shinyanga, kiti kikabaki wazi. Zamani tulichagua kwa kunyoosha mikono, na mara ya mwisho watu walinuniana miezi kadhaa kwa sababu ya nani alinyoosha lini. Safari hii ikakubalika kura ziwe za siri, za kuandika. Wagombea wakajitokeza wawili: mama, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta tuliyemwita Karani.

Karani alistaafu kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Kila barua ya mtaa ule ilipita mikononi mwake: maombi ya kazi, ruhusa za shule, malalamiko kuhusu mfereji. Mfuko wa shati lake haukukosa kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, na mwandiko wake ulilala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Nilimpenda mzee yule, na uchaguzi haukunipunguzia. Yeye ndiye aliyesimama kwenye mkutano akasema Mwalimu awe msimamizi.

"Lakini mgombea mwingine ni mke wake," mtu mmoja akapinga.

"Najua," Karani akajibu. "Na bado namtaka yeye. Huyu bwana alimfelisha historia mtoto wake mwenyewe, mtaa mzima unajua."

Ilikuwa kweli. Mtoto huyo ni mimi. Na kwa kuwa nilikuwa na duka dogo la steshenari mjini, Nyamagana, karibu na stendi, nikapewa kazi ya kukata karatasi za kura, na baadaye kazi ya kuzisoma. Walisema sauti yangu inasikika na herufi zangu hazigongani.

Tatizo likawa majina. Kina mama wengi mtaani walijulikana kwa majina ya watoto wao, na jina moja liliandikwa kwa namna nne. Baba akaona kila mgombea achague neno moja, na mpiga kura aandike neno hilo tu. Karani akachukua "kalamu" kabla baba hajamaliza kueleza. Zamu ya mama ilifika mchana ule nyumbani, tunakula ugali kwa sato.

"Wewe utakuwa sufuria," baba akasema.

"Sufulia ni wewe."

"Basi mwiko."

"Mwalimu, miaka yote hii naitwa mambo ya jikoni. Hata nikigombea kiti bado niwe mwiko?" Akamaliza kunyonya mfupa wa kichwa cha samaki, akauweka pembeni. "Mimi nitakuwa kalamu. Watu wakisikia kalamu wanakuja wameoga."

"Karamu," baba akamsahihisha. "Ra."

Tukacheka wote watatu. Niandike tena, kwa sababu mpaka leo siamini: mwalimu mstaafu, mwenye duka la steshenari na mgombea mwenyewe, tumekaa meza moja, tumetoka kuweka kalamu na karamu kwenye uchaguzi mmoja, tena Mwanza, tukacheka na kunawa mikono.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili alasiri kwenye uwanja wa shule, ziwa likionekana kule chini na harufu ya dagaa ikipanda na upepo. Sanduku la kura lilikuwa boksi la viatu nililolizungushia karatasi ya gundi. Wasiojua kuandika waliruhusiwa kuchora, mstari kwa kalamu na duara kwa karamu. Laiti tungechora wote. Mama alikuwa nyuma ya darasa, anapika pilau ya mkutano, kwa sababu hakuna aliyefikiria kwamba mgombea naye anaweza kupumzika siku ya uchaguzi wake. Alikuja mbio na kanga yake yenye moshi, akaandika, akakunja, akatumbukiza, akarudi kwenye mafiga.

Mambo yaliharibika watu walipomaliza kupiga. Bibi mmoja muuza dagaa, mwenyeji wa kule Musoma ambako L hugeuka R, aliketi na kusema kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu: "Mimi nimempa karamu. Karamu ya kuandikia."

Mzee wa Kisukuma aliyekaa nyuma yake akaitikia: "Na mimi nimempa kalamu. Ile ya kula."

Kwanza walicheka wachache. Halafu kicheko kikapungua, mtu mmoja mmoja akaanza kufikiria alichoandika, na uwanja ukawaka. Wengine walitaka turudie. Wengine walikuwa wameshateremka mwaloni, kwenye soko la samaki, kwenye biashara zao, na kurudia bila wao isingekuwa haki. Baba akasimama, akagonga meza kwa chaki.

"Kila karatasi itasomwa ilivyoandikwa," akasema. "Tukianza kusema huyu alimaanisha vile, itabidi tuseme huyu ni nani. Na yeye ni nani, hiyo ni siri yake."

Karani akakubali. Mtu akatumwa kwa mama, akarudi na jibu: "Anasema helufi ni helufi, mfanye halaka, pilau inaiva." Wakacheka tena, na tukaanza.

Nilikunjua karatasi moja moja, nikasoma kwa sauti, nikamkabidhi baba, naye akachora mstari ubaoni. Kalamu. Karamu. Kalamu. Ya Karani mwenyewe niliijua kabla sijaisoma, herufi zimelala, "kalamu" imepigiwa mstari chini, na nikasema moyoni, mzee huna hata aibu. Zilikuwa zinapishana kwa moja au mbili. Kisha nikakunjua iliyokuwa na nukta.

Mama alisoma mpaka darasa la nne. Mwalimu wake wa huko kijijini alimwambia neno lisilowekewa nukta linaendelea kutembea, basi maisha yake yote aliweka nukta kila baada ya neno. Karatasi zake za sokoni zilisomeka hivyo: sukali. kaloti. chumvi. vitunguu. Penseli ilikandamizwa mpaka upande wa pili. Na sasa nilikuwa nimeishika mkononi karatasi yenye mkandamizo ule na nukta ile, na iliandikwa: kalamu.

Nilijua alichotaka kuandika. Nilijua kwa sababu nilimsikia akikisema mezani, kwa L ile ile. Na nilijua pia kwamba nikitamka "karamu" hakuna mtu pale uwanjani atakayetofautisha, na baba akiipokea hatafungua mdomo. Niliona kile kiti cha mninga. Nilimwona mama amekaa. Nani angeumia? Lakini nilikuwa nimelelewa na baba yangu, na watu sitini walikuwa wananitazama mdomo.

"Kalamu," nikasoma. L ilitoka safi, ningeweza kupewa kumi juu ya kumi.

Baba akaipokea. Akaitazama. Chaki ikasimama hewani kidogo tu, halafu akachora mstari upande wa Karani.

Mwisho kalamu ilikuwa na thelathini na moja, karamu thelathini. Hesabu yake ni rahisi: karatasi ile moja ingekwenda upande wa pili, mama yangu angekuwa mwenyekiti.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwenye mafiga. Alikuja na sahani imejaa mpaka inamwagika, akampakulia Karani mbele ya wote. "Shika, Mwenyekiti." Kisha akawapakulia wazee, wageni, wanawake, watoto, na wote walipokuwa wamekula akakwangua ukoko wa chini ya sufuria akala amesimama. Ndivyo alivyokula siku zote. Mpishi aliyejipakulia watu wakiwa wamekaa wanasubiri, kwa mama, alikuwa mwizi wa waziwazi. Karatasi za kura zilichomwa kwenye mafiga yake, kama tulivyokubaliana, ili mwandiko wa mtu usije ukamtafutia ugomvi. Baba alizitia motoni mwenyewe. Sikuweza kumtazama usoni.

Tukiwa njiani kurudi, mama akiwa mbele na wenzake na sufuria zao, nikamuuliza, "Uliiona?"

"Niliiona."

"Si ungesema kitu?"

"Niseme nini? Kwamba namjua mwenye nukta?" Akatembea hatua kadhaa. "Miaka yote nampa maksi. Siku ya mtihani wenyewe nikakaa mbele yake, namwangalia anafeli kwa herufi moja."

Tukakubaliana mama asiambiwe. Nadhani huo ndio uamuzi mbaya kuliko yote tuliyofanya, lakini siku ile ulionekana wa huruma.

Kuanzia hapo baba akaacha kusahihisha. Sukali ilipita, kaloti ikapita, kalamu nyekundu ikakaukia kwenye droo. Mama alilistaajabia jambo hilo kuliko alivyostaajabia kushindwa. Akamtega. Akamwambia halusi, bahali, lamani ya Aflika, maneno ambayo hata Bujora hayakuwa na kazi. Baba akaitikia "sawa" na kugeuza ukurasa wa gazeti.

"Baba yako anaumwa?" mama akaniuliza siku moja. "Siku hizi haniambii kitu."

Nikasema hapana, ni umri. Nilijisikia vibaya, na mpaka leo nasikia ule uongo mdomoni.

Karani aliongoza vizuri. Mama aliendelea kupika. Kila msiba nilipomwona nyuma kule, macho mekundu kwa moshi, nilijiona ndiye niliyemweka pale. Alipofariki rafiki yake mkubwa, mwanamke waliyeuza naye michembe tangu usichana, mama alipika siku mbili mfululizo. Tulipotoka makaburini akanishika mkono. "Walisema nini juu yake?"

Nikamweleza: alizaliwa wapi, watoto wangapi, alipenda kusaidia watu.

"Hivyo tu?" akauliza.

Sikukumbuka zaidi. Nilikuwa nimekaa kiti cha plastiki mstari wa pili, na nilikuwa naangalia simu.

Miaka mitatu ikaisha, tukachagua tena. Karani akasimama kutetea kiti chake, na mama akasimama. Safari hii chama kilikuwa na kundi la WhatsApp, na utani wa kalamu na karamu ulianza mapema, watu wakirushiana picha za peni na za sahani za pilau. Wote walimshauri mama awe sufuria, yaishe. Karani ndiye aliyekataa.

"Mama abaki na karamu yake," akasema mkutanoni. "Mimi nitakuwa miwani. Kalamu zenyewe siku hizi hazinisaidii, naandika kwa kunusa."

Asubuhi ya uchaguzi nilishindwa kujizuia. Nilimfuata mama penye mafiga, nikamwambia polepole, kama ninavyomwambia mteja asiyejua kujaza fomu, "Mama, usisahau, neno lako ni karamu. Ra."

Akainua uso. "Ninalijua neno langu. Usirudie."

R ilikuwa imenyooka. Nikarudi nilikotoka.

Hesabu ya siku ile haikuwa na presha. Karamu ilitangulia mapema ikazidi kutangulia, na kina mama wa mstari wa mbele walikuwa wameshaanza kufunga kanga viunoni tayari kucheza. Ya Karani nikaipata, herufi zimelala, "miwani", mstari chini; mzee hakubadilika. Nilikuwa nasoma huku natabasamu nilipokunjua karatasi iliyokandamizwa penseli mpaka upande wa pili. Ilikuwa na nukta. Iliandikwa: miwani.

Nikaisoma kimya mara mbili. Neno miwani halina R, halina L. Hakuna mdomo wa Mwanza, wa Musoma wala wa Bukoba unaoweza kulikosea.

"Miwani," nikasema.

Baba akaipokea, akaitazama, akavua miwani yake mwenyewe. Alisimama hivyo mpaka watu wakaanza kupiga kelele, "Mwalimu, chora!" Akachora. Mstari wenyewe ulikwenda upogo. Mimi nikaendelea kusoma zilizobaki, lakini nilikuwa niko kwenye uwanja wa miaka mitatu nyuma, na karatasi nyingine mkononi. Hakukosea. Aliandika alichotaka kuandika, kwa L yake sahihi, na waliofeli mtihani tulikuwa sisi wawili mbele ya ubao.

Mama alishinda kwa kura nyingi. Nilimkuta nyuma ya darasa, anafunua kifuniko.

"Mama, kwa nini umempigia Karani?"

"Nani kakuambia?"

"Nukta yako."

Akacheka, akajifuta jasho kwa kiwiko.

"Na ile mara ya kwanza?" nikauliza. "Ile uliyoandika kalamu?"

"Ile je?"

"Ulimpigia yeye?"

"Sasa ningempigia nani? Watu wamekaa wanasubili, mimi nijipakulie?"

Nikamwambia ilikuwa kura moja tu. Akasema alijua, alisikia kila neno nililosoma, hakuwa kiziwi. Alitaka kiti kile wampe watu. Angekipata kwa kura yake mwenyewe, alisema, kila akikaa angekiona kama mnofu alioficha chini ya wali. Halafu akaniangalia vizuri. "Kwani nyie mlidhani nini?"

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia yote, herufi, chaki iliyosimama, makubaliano ya njiani. Akarudisha kifuniko juu ya sufuria. Nilitegemea hasira, na nilistahili.

"Miaka mitatu," akasema mwisho. "Ndiyo maana aliacha kunisahihisha." Akageuka kuelekea uwanjani, akapaza sauti yote aliyokuwa nayo. "Mwalimu! Kalibu chakula!"

Baba alikuwa anakuja, bado ana chaki mkononi, na uso wake haukuwa mkavu. Akasimama mbele ya sufuria.

"Karibu," akasema. "Ri, mama, ri."

Mama akampakulia wa kwanza.

Baba alifariki msimu wa masika, mama akiwa bado mwenyekiti. Walipika wengine. Kile kiti cha mninga kililetwa kutoka chini ya jiwe letu mpaka mlangoni kwetu, safari fupi kuliko zote kilizowahi kwenda, kikawekwa chini ya turubai, na mama akakikalia. Nilikaa chini kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Hotuba aliiandika Karani, kurasa nne zilizolala upande mmoja, ila macho yalikuwa yameshamwacha, akaomba kijana wa jirani aisome.

Mama aliisikiliza yote. Alisikia kuhusu Tanga, barua ya uhamisho, miaka miwili. Alisikia kuhusu mwalimu aliyemfelisha mwanawe, na watu wakacheka kidogo. Kijana akafika ukurasa wa tatu, akakaza sauti, akasema marehemu alikuwa mwalimu hodari wa histolia.

"Ri," mama akasema.

Kijana akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Historia," mama akamwambia, na wote chini ya turubai wakasikia. "Ri, mwanangu, ri."

Kijana akarudia neno lile vizuri, kisha akaendelea kusoma.